Daktari Aliyeihoji Dripu

Leo nataka tuzungumze habari za dripu.

Huku kwetu mtoto akilazwa, shangazi na majirani wanaofika kumjulia hali hutupa jicho kwanza pembeni mwa kitanda. Wakiona chupa imening'inia, nyoyo hutulia. Wasipoiona, maswali huanza: huyu mtoto hajatundikiwa dripu tangu asubuhi, hawa wanamtibu au wanamtazama? Mama naye huanza kusikia minong'ono kwamba afadhali amhamishe. Chupa ile imekuwa ndio ushahidi kwamba hospitali inafanya kazi yake.

Wala imani hiyo si ya sisi wazazi na majirani peke yetu. Madaktari bingwa wa nchi tajiri waliishika, wakaiandika vitabuni, wakaifundisha vyuoni kwa miaka. Ikasimama hivyo mpaka kundi la madaktari wa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiongozwa na mwenzao kutoka Uingereza, walipoamua kuipima kitandani kwa mtoto mwenyewe. Kiongozi wao ni Kathryn Maitland, profesa wa magonjwa ya kuambukiza ya watoto katika chuo cha Imperial College London, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameifanyia Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989 pale pale penye hospitali. Nimemchagua yeye leo kwa sababu kazi yake inaonyesha vizuri daktari mtafiti ni mtu wa namna gani, na kwa nini watoto wetu wanamhitaji.

Daktari wa kawaida anamtibu mtoto aliye mbele yake. Mtafiti wa maabara anachunguza kidudu au chembe ya damu, na pengine mtoto mwenyewe hamjui. Daktari mtafiti yuko kotekote. Anapita wodini asubuhi, anambonyeza mtoto ukucha kuona damu inarudi kwa kasi gani, kisha anaketi na kujiuliza: hii dawa ninayoitoa kila siku, nina hakika gani kwamba inaokoa? Swali hilo linaumiza, kwa sababu jibu lake linaweza kumwambia kwamba jana alikosea, na juzi, na mwaka jana.

Maitland alianza kuzoea majibu yasiyotarajiwa mapema. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi Vanuatu, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, yeye na Tom Williams na wenzao. Walikuwa wanachunguza watoto wenye hitilafu ya kurithi ya damu iitwayo thalasemia, ambayo wanasayansi waliamini inawakinga na malaria. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Nature, yalionyesha kwamba watoto wale wakiwa wadogo walipata malaria ya kawaida mara nyingi zaidi, na si mara chache. Hilo tuliache hapo, maana ni mazungumzo ya siku nyingine. Ninalotaka mlishike ni kwamba mtu huyu alipofika Kilifi alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba takwimu hazina haya mbele ya mtaalamu.

Sasa tuingie wodini. Mtoto anayeletwa mahututi katika hospitali za kwetu anafanana popote utakapokwenda, Kilifi, Muheza au Soroti. Ana homa kali. Analala tu, hawezi kuketi wala kunyonya, au amepoteza fahamu kabisa baada ya degedege. Anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Mikono na miguu ni ya baridi wakati tumbo linawaka. Moyo unakwenda mbio, na mshipa wa mkononi muuguzi anautafuta haupati. Inaweza kuwa malaria kali, inaweza kuwa bakteria wameingia kwenye damu, inaweza kuwa vyote kwa pamoja, na juu yake upungufu mkubwa wa damu. Wengi katika watoto hawa wanaofariki, hufariki ndani ya saa 24 za kwanza. Mama amemleta asubuhi mgongoni, na jioni anarudi na kanga mikononi.

Ile mikono ya baridi na mapigo ya mbio ni alama kwamba damu haizunguki ipasavyo. Huko Ulaya na Marekani jibu lilikuwa limeshakuwa amri: mwingizie maji ya chumvi kwenye mshipa, mengi, na kwa haraka. Hoja yake inaeleweka hata kwa mtu asiyesomea udaktari. Mishipa imelegea na inavuja, basi ijaze, damu itasukumika tena. Moja ya nguzo za fundisho hilo ilikuwa utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, ulioona kwamba watoto waliopewa zaidi ya mililita 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya kwanza walipona zaidi ya wenzao. Watoto waliochunguzwa walikuwa 34. Nairudia namba hiyo kwa makusudi, wasikilizaji, thelathini na wanne, katika hospitali yenye mashine za kupumulia na wodi ya wagonjwa mahututi.

Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa zikifuata utaratibu ule. Mtoto alipata dawa ya malaria, antibayotiki, oksijeni kama ipo, damu kama imepatikana, na maji ya kawaida ya kumtosha kwa siku. Maji ya haraka yaliwekwa akiba kwa mtoto aliyefikia hatua mbaya kabisa. Maitland aliliona hilo kama pengo la kuzibwa. Alikuwa upande wa dripu. Vipimo vyake vya Kilifi vilimwambia kwamba watoto wenye malaria kali wanaonekana kupungukiwa maji kwenye mishipa, na majaribio yake madogo ya mwanzoni yalielekea kuonyesha kwamba albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu, ingeweza kuokoa zaidi ya maji ya chumvi. Matumaini yalikuwa kwamba tiba hii rahisi, isiyohitaji mashine, ingepunguza vifo katika hospitali ambazo hazitaona mashine karibuni.

Hapo ndipo ulipopangwa utafiti uliojulikana kwa kifupi kama FEAST. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa upande wa Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Majina ya madaktari walioubeba ni ya kwetu, na ni haki yasikike redioni: Sarah Kiguli na Robert Opoka wa Kampala, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Samuel Akech wa Kilifi, George Mtove wa Muheza, na wengine wengi. Watoto walianza kuandikishwa Januari 2009.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mtoto anafika na homa, hana fahamu nzuri au anapumua kwa shida, na damu yake haizunguki vizuri. Mzazi anaelezwa kwa maneno machache, maana hapo hapana nafasi ya kusomewa karatasi ndefu mtoto anakata roho. Akikubali kwa mdomo kazi inaanza, na maelezo kamili na saini vinafuata hali ikitulia. Bahasha iliyofungwa inafunguliwa. Ndani yake kuna moja kati ya mambo matatu: apewe albumini kwa haraka, apewe maji ya chumvi kwa haraka, au asipewe maji ya haraka kabisa. Daktari hachagui. Mengine yote, dawa, oksijeni, damu, sukari, uangalizi wa karibu, yanatolewa sawasawa kwa wote. Mtoto wa kilo 10 aliyeangukia kwenye kundi la maji ya haraka alipata mililita 200, na baadaye utaratibu uliporekebishwa akapata 400, yaani karibu chupa nzima ya nusu lita.

Najua kuna msikilizaji hapo amekunja uso. Anasema: kwa hiyo walichezea kamari maisha ya watoto wetu? Swali hilo naliheshimu, na nimelifikiria sana. Ila tutazame ilikuwaje. Kama dripu ya haraka inaokoa, basi maelfu ya watoto walikuwa wanafariki kwa kuikosa, na hakuna aliyekuwa anawahesabu. Kama inaua, basi kila hospitali iliyokuwa inajitahidi kuiga vitabu vya ng'ambo ilikuwa inaua kwa nia njema. Hakuna daktari duniani aliyekuwa anajua lipi ni kweli. Bahasha ile ilikuwa inasema waziwazi kitu ambacho wodi nyingine zote zilikuwa zinakificha. Tena kabla ya kuanza, madaktari na wauguzi wa hospitali zile sita walifundishwa upya namna ya kumpokea mtoto mahututi na kumfuatilia, na vifaa vikaongezwa. Mtoto aliyeingia kwenye utafiti, kundi lolote, aliangaliwa kwa karibu.

Januari 2011, kamati huru iliyokuwa inakagua takwimu ilishauri utafiti usimamishwe. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia katika sehemu kuu ya utafiti. Katika watoto 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, 76 walifariki ndani ya saa 48, yaani asilimia 7.3. Katika 1,050 waliopewa albumini walifariki 111, asilimia 10.6. Katika 1,047 waliopewa maji ya chumvi walifariki 110, asilimia 10.5. Kwa kila watoto 100 waliotundikiwa dripu ya haraka, watatu zaidi walikwenda.

Watafiti waliwapanga watoto kwa kila namna wakitafuta kundi ambalo dripu ya haraka iliwafaa. Wenye malaria na wasio na malaria. Wenye damu kidogo na wenye damu ya kutosha. Waliopoteza fahamu na wenye fahamu. Hawakulipata. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo wa 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine, na jina la Maitland, aliyeingia akiitumainia tiba hiyo, ndilo la kwanza kwenye ripoti inayoipinga.

Lakini kuna namba nyingine iliyonishika zaidi ya hizo, nayo ilitoka mwaka 2013 walipozichambua takwimu tena. Saa moja baada ya dripu kufunguliwa, mzunguko wa damu ulikuwa umerudi vizuri katika asilimia 43 ya watoto waliopewa maji ya haraka. Kwa wale ambao hawakupewa, ni asilimia 32 tu. Mnasikia maana yake? Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona dripu inafanya kazi. Mikono ilipata joto, mshipa ukapatikana, mama akatabasamu. Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine akiwa na amani. Kisha saa kadhaa baadaye, pengine usiku, zamu ikiwa ya mwingine, moyo na mishipa vikaporomoka. Wengi walidhani maji yalikuwa yamejaa mapafuni, lakini uchambuzi ulionyesha kwamba vifo vile vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuanguka.

Sasa fikirini daktari mmoja, mwenye uzoefu wa miaka 20, mwenye moyo safi. Angewezaje kuligundua hilo peke yake? Alichokiona kwa macho ni nafuu. Kifo kilichofuata angekisema ni ukali wa ugonjwa, kwa sababu ugonjwa ni mkali kweli. Na vifo vitatu katika mia, kwa watoto wanaolazwa mmojammoja, leo huyu wa Kaloleni, kesho yule wa Ganze, havionekani kwa jicho la mtu yeyote. Vinaonekana tu pale watoto zaidi ya elfu tatu wanapopangwa kwa bahasha na kuhesabiwa bila upendeleo. Ndiyo maana nasema uzoefu pekee hautoshi, hata wa daktari bingwa, na ndiyo maana hospitali isiyofanya utafiti au isiyosoma utafiti wa wenzake inabaki na nia njema tu.

Mshangao ulikuwa mkubwa ng'ambo. Baadhi ya wataalamu wa nchi tajiri walisema matokeo haya ni ya Afrika, watoto wale walikuwa na malaria, zaidi ya nusu yao, na karibu theluthi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, hayatuhusu sisi. Kuna haki kidogo katika neno hilo. Mtoto wa Boston mwenye mashine ya kumpumulia si sawa na mtoto wa Lacor. Lakini mbona hoja hiyo haikusikika wakati matokeo ya watoto 34 wa Marekani yalipogeuzwa kuwa mwongozo kwa dunia nzima? Watoto 34 walitosha kufundisha Mbale, ila watoto 3,141 wa Mbale na wenzao hawakutosha kufundisha wengine. Mimi nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndivyo elimu ya tiba ilivyozoea kusafiri, upande mmoja tu.

Hata Shirika la Afya Duniani lilichelewa. Kitabu chake cha mwongozo wa kuwatibu watoto hospitalini kilitoka upya mwaka 2013 bila kuyazingatia matokeo yale. Mwaka 2014 Sarah Kiguli na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ la Uingereza malalamiko ya wazi juu ya jambo hilo. Mwaka 2016 shirika likabadilisha: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asipewe maji ya haraka, na mwenye dalili zote tatu apewe polepole zaidi, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa kutibu maambukizi makali kwa watoto nao ukashauri kwamba mahali pasipo na wodi ya wagonjwa mahututi, mtoto ambaye shinikizo la damu halijashuka asimiminiwe maji ya haraka. Miaka tisa tangu matokeo. Ni mirefu, ingawa naambiwa katika mambo ya tiba kuna yaliyochukua mirefu zaidi.

Wodi hizihizi zimetoa majibu mengine, na mengine yaliingia kwa urahisi. Kilifi na Muheza zilikuwa pia kati ya vituo 11 vya nchi 9 za Afrika vilivyolinganisha kwinini na sindano ya artesuneti kwa malaria kali ya watoto. Watoto 5,425, matokeo mwaka 2010: vifo asilimia 10.9 kwa kwinini, asilimia 8.5 kwa artesuneti. Kwinini iliyotumika vizazi na vizazi ikaondoka mstari wa mbele.

Baada ya maji, Maitland na wenzake waligeukia damu. Kila aliyewahi kutafuta damu ya mgonjwa saa nane za usiku, akipiga simu kwa shemeji na binamu waje kuchangia, anajua jambo hili lina uzito gani. Walifanya utafiti uitwao TRACT katika hospitali tatu za Uganda na moja ya Malawi, na majibu yakachapishwa mwaka 2019. Mtoto ambaye damu yake imeshuka hadi kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita lakini hana dalili za hatari, je, lazima aongezwe damu papo hapo? Walikuta kwamba anaweza kusubiri, mradi apimwe tena na tena na aongezwe mara hali ikibadilika. Vifo ndani ya siku 28 havikutofautiana kwa kiwango cha kuhesabika. Na aongezwe kiasi gani? Hapo jibu lilitegemea homa. Mtoto asiye na homa alifaidika na mililita 30 kwa kilo, mwenye homa alifanya vizuri zaidi na 20. Tazameni kipimajoto kile cha bei ndogo, kilivyo na la kusema kuhusu chupa ya damu isiyopatikana kwa fedha.

Kabla sijafika mwisho, kina mama na kina baba mnaonisikiliza, kuna jambo naomba lisieleweke vibaya. Sikusema dripu ni mbaya. Utafiti wa FEAST haukuwaingiza watoto wanaoharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Mtoto anayeharisha anapoteza maji kweli, na maji hayo lazima yarudi, kwa ORS akiweza kunywa, kwa mshipa akizidiwa. Usije ukamnyima kwa sababu ya kipindi hiki. Na ukimkuta mwanao mwenye homa kali hana chupa pembeni ya kitanda, muulize daktari au muuguzi kwa adabu: amepimwa malaria? Amepata antibayotiki? Damu yake ni kiasi gani? Sukari je? Hayo ndiyo yanayomwokoa, na muuguzi mzuri atafurahi kuulizwa.

Hao wenye utapiamlo mkali nao wamepata zamu yao. Kwa miaka mingi miongozo iliwaonya madaktari wasimtundikie dripu mtoto aliyekonda sana anayeharisha, ila awe katika hali mbaya kabisa, kwa hofu kwamba moyo wake dhaifu utazidiwa na maji. Hofu hiyo ilifundishwa kwa uhakika uleule ambao wengine walifundishiwa kumimina. Maitland, Olupot-Olupot ambaye sasa anaongoza taasisi ya utafiti wa kitabibu pale Mbale, na wenzao wa Kenya, Niger na Nigeria waliipima katika watoto 272. Matokeo yalitoka mwaka 2025. Waliopewa maji ya mshipa hawakufariki zaidi ya waliopewa ya kunywa, na dalili za moyo kuzidiwa na maji hazikuonekana.